Winchi ya Kabatini

Winchi ya kabatini haiinui mzigo. Mama yenu kawaambia hivyo leo dukani mbele ya muuza vitu vya watoto, na nyinyi badala ya kumwuliza yeye mmekuja kunisumbua mimi, na nguo ya watu iko chini ya sindano. Haya, kaeni. Si hapo, hapo pana pini. Na huo mkasi uacheni! Mara ngapi nawaambia? Mkasi wa kitambaa haukati karatasi wala nailoni. Ukishakatia nailoni, makali ndiyo kwaheri.

Methali hiyo wala si ya wahenga wa kale. Imezaliwa hapa hapa Muheza, nyumba ya pili kutoka hii, na mimi nilikuwepo. Sikuhadithiwa.

Pale alikaa dalali wa machungwa, Mzee Shembilu. Mtu mwema, mcheshi, lakini kwa kutunza vitu, Mungu amrehemu, alizidi. Makochi yake yalikuwa bado na nailoni ya dukani. Ukikaa mchana wa jua, ukiinuka unasikia paja linabanduka. Sebuleni palikuwa na kabati la vioo lenye vikombe ambavyo havijawahi kuonja chai, na ufunguo wake ulikuwa kwenye bunda la funguo alilolifunga kiunoni.

Msimcheke sana. Yule mzee alikulia nyumba ambayo watoto walikula kwenye sahani moja na kugombania makombo. Kwake yeye, kukipenda kitu ni kukiweka pasipofikiwa na mkono. Hata nyinyi mngekulia kule mngekuwa hivyo.

Alikuwa na binti, Mwantumu. Mtoto mwembamba, macho makubwa, na mbishi kama punda wa kubeba chokaa. Akishika jambo haliachi. Alipokuwa darasa la nne akawa wa kwanza, baba yake akamwahidi zawadi, wakashuka Tanga mjini kuinunua.

Dukani Mwantumu akaona boksi la vyuma vyembamba vyenye matundu, na skrubu na nati zake. Mtoto anajiundia mwenyewe anachotaka: leo gari, kesho daraja. Akalikumbatia. Mzee Shembilu akalifungua, akachungulia, akashangaa.

"Yaani nitoe hela yangu ninunue kitu ambacho hakijamalizwa kutengenezwa? Fundi wao alikwenda wapi?"

Akamchagulia winchi. Nyekundu, ndefu, ina ndoano mbele na mpini wa kuzungusha ubavuni, kama zile za bandarini, imevikwa nailoni inayong'aa. Mwantumu akauangalia ule mpini na ile kamba inayopita juu, akasema moyoni, haya, hata hii nitajua inavyofanya. Akaipakata njia nzima mpaka nyumbani. Walipoingia tu mlangoni, baba akaichukua, akaiweka kabatini katikati ya vikombe, akafunga.

"Utaivunja, mwanangu. Acha ikae hapa, wageni waone."

Na wageni waliona! Kila aliyekuja alionyeshwa. "Ile winchi ni ya Mwantumu. Binti yangu huyu ni injinia." Na injinia mwenyewe yuko pale amesimama na sinia la chai, hajaigusa hata kwa kidole. Mimi roho ilikuwa inaniuma, lakini mume wa mtu na mtoto wake, nitasema nini?

Mwantumu alilia siku ile, halafu akanyamaza, halafu akaanza kuja hapa barazani kwangu.

"Mama Sefu, shikamoo. Una vigurudumu vya uzi uliokwisha?"

Nikampa. Kesho akaja kuomba waya. Keshokutwa nikamwona anachimbua spoku ya baiskeli kwenye jalala. Akachukua kopo la samaki, vipande vya kandambili, mabua, akaunda winchi yake pale, chini ya cherehani yangu. Ikaanguka. Akaunda tena, uzi ukakatika. Akajifunza kusuka uzi mara tatu kama nywele. Ikainua ndoano lakini ikabinuka mbele, puu! Akaifunga jiwe nyuma. Mimi nilikuwa nikimwambia, "Mwantumu, mwanangu, pumzika, nenda kacheze." Ananijibu bila kuinua uso, "Ndiyo nacheza, Mama Sefu." Siku winchi ile ilipoinua chungwa zima kutoka sakafuni mpaka mezani pangu, nilipiga vigelegele peke yangu, mteja akadhani nimepata harusi.

Akafika darasa la saba. Kulikuwa na shule ya ufundi Tanga iliyokuwa imeanza kuchukua wasichana, nafasi chache mno. Mwantumu aliitaka shule ile kuliko kitu chochote duniani. Alikuwa ameshapasi mtihani wa kuandika. Likabaki jambo moja: kila mtoto aende na kitu cha kuchezea anachokijua, aonyeshe mbele ya walimu kinavyofanya kazi. Asiyeweza anarudi kwao, basi.

Mwantumu akapanguza kopo lake la samaki. Baba yake akalitazama.

"Unakwenda na takataka hii?"

"Ndiyo ninayoijua, baba."

"Hata kidogo! Walimu waseme mtoto wa Shembilu anaokota jalalani, na kwetu kuna winchi ya dukani, mpya? Hapana. Leo ndiyo siku yake. Nilikuwa naiwekea siku kama hii."

Akafungua kabati. Mwantumu aliomba, akasihi, baba akawa baba. Kopo likabaki uvunguni.

Mama yake alikuwa na mtoto mchanga siku zile, hajamaliza arobaini, akaniomba niwasindikize. Asubuhi nikamsuka Mwantumu, nikampaka mafuta ya nazi kichwani mpaka shingoni, tukaondoka. Mzee Shembilu kavaa kanzu yake ya Idi na winchi kaibeba mwenyewe kama mtu aliyebeba mtungi wa asali. Mimi nilimshika Mwantumu mkono njia nzima.

Tukaingia darasani tulipoitwa. Mbele walikaa walimu watatu, mkubwa wao akiitwa Mwalimu Kisanga, mwanamke mrefu mwenye miwani. Mezani palikuwa na kufuli kubwa la chuma.

"Karibu, binti. Hiyo ni nini?"

"Winchi, mwalimu."

"Vizuri. Iinue hilo kufuli."

Kwanza nailoni ilibidi itoke. Mzee Shembilu akajitolea kuitoa yeye, taratibu, asiichane, akaikunja vizuri na kuitia mfukoni ili baadaye aivike tena. Mwalimu mmoja akaangalia dirishani asicheke. Mwantumu akatia kufuli kwenye ndoano, akazungusha mpini. Mpini haukuzunguka. Ulikuwa umeganda kwa kutu, kwa maana kabati lile lilikaa ukutani panapovuja mvua za masika. Akatia nguvu, ukasogea kidogo, kriii, na ile kamba iliyopigwa jua la dirishani miaka yote ikakatika. Kufuli likaanguka mezani, taa!

Mimi nikafumba macho. Nikasema basi, mtoto wa watu anarudi kuuza machungwa.

"Pole, binti," akasema Mwalimu Kisanga. "Labda mwakani. Mwite anayefuata."

Mwantumu hakutoka.

"Mwalimu, naomba niifungue."

"Usithubutu!" Mzee Shembilu akaruka. "Mwantumu, usiifungue, itaharibika!"

Yule mtoto akageuka akamtazama baba yake. Hakupandisha sauti, na machozi yalikuwa yamemlenga, lakini kidevu kilikuwa juu.

"Baba, winchi ya kabatini haiinui mzigo. Niache niiinulishe."

Mwalimu Kisanga akavua miwani, akasema, "Mwacheni. Fungua, binti, tuone."

Sasa ndipo mkoba wa fundi cherehani unapofaa. Mwantumu aliujua kuliko mimi. Akanyoosha mkono bila kugeuka, nami nikampa bisibisi ndogo ya cherehani na gurudumu la uzi mzito wa kushonea jinzi. Akafungua skrubu zote. Kimlango kimoja chekundu cha ubavuni mwa winchi kikavunjika, kak! Mzee Shembilu akashtuka kama aliyechomwa sindano, lakini akabaki alipo. Mwantumu akauchomoa ule mpini, akasugua kutu kwa pindo la gauni. Halafu akafanya kitu ambacho mpaka leo nikikikumbuka nacheka na kulia pamoja. Akapitisha vidole kichwani, katikati ya mistari ya nywele nilizomsuka, akakomba mafuta ya nazi, akaupaka ule mpini. Akapitisha tena. Mpini ukazunguka.

Akasuka uzi mara tatu, haraka, vidole vinaruka, akaufunga kwenye ndoano. Akatia kufuli. Akazungusha. Winchi nzima ikabinuka mbele.

Mwalimu mmoja akasema, "Aa, imeshindwa."

"Bado," akasema Mwantumu. "Ni nyepesi nyuma. Baba, nipe funguo zako."

Mzee Shembilu akashika kiuno. Bunda lile hakuwahi kumpa mtu, hata mkewe. Kisha akalifungua kiunoni, akaenda mpaka mezani, akalitia mkononi mwa binti yake.

"Haya, mama. Chukua."

Mwantumu akalifunga nyuma ya winchi, funguo zote, ule wa kabati ukining'inia wa mwisho. Akazungusha. Kufuli likasogea. Likatoka mezani. Likapanda kwa kigugumizi, linapinda huku na huku, likapanda mpaka likagonga juu kwenye chuma, na pale akalishikilia lisishuke.

"Kwa nini ulizifunga zile funguo nyuma?" akauliza Mwalimu Kisanga.

"Kwa sababu ya kwangu ya nyumbani ilianguka mara nyingi mpaka nikaiwekea jiwe."

"Ya nyumbani ipi?"

Hapo Mwantumu akamtazama baba yake. Aliyejibu ni Mzee Shembilu.

"Ipo, mwalimu. Ya kopo la samaki. Mimi ndiye niliyemkataza asije nayo. Nilidhani namheshimisha."

Vigelegele nilivyopiga mle darasani, mlinzi alikuja mbio kuangalia kuna nini. Nafasi alipata, alipewa pale pale.

Lakini hadithi haijaisha, kaeni. Tulirudi, baba amebeba winchi tupu, kimlango hakipo, mafuta ya nazi yameichafua kanzu yake ya Idi, na hakulalamika. Alipofika akaingia uvunguni mwenyewe, mtu mzima na kanzu yake, akatoka na lile kopo la samaki. Akalipuliza vumbi. Akaenda moja kwa moja kwenye kabati la vioo, akasogeza vikombe, akaanza kulipangia nafasi katikati.

"Hii ndiyo ya kukaa hapa! Kila mgeni aione hii!"

"Baba!" akapiga kelele Mwantumu. Akasimama mbele ya kabati, mikono ameitanua. "Winchi ya kabatini..."

Mzee Shembilu akasimama na kopo mkononi. Akamwangalia mtoto, akaangalia kabati, akaangua kicheko mpaka akaketi chini. Mkewe akatoka chumbani na mtoto mchanga kuuliza kuna nini, akamkuta mumewe sakafuni, miguu kainyoosha, anamwambia binti yake, "Basi nionyeshe. Huu mpini unauzungusha upande gani?"

Tangu siku ile kabati likabaki wazi, na tulianza kunywa chai kwenye vile vikombe. Viwili vilivunjika, tukaendelea kunywa. Na mtu yeyote mtaani aliyekwenda kumnunulia mtoto kitu cha kuchezea, Mzee Shembilu alimwuliza swali moja tu: "Inafunguka? Mtoto akiifungua, ataweza kuirudishia?" Akijibiwa kwamba inaimba na kuwaka taa tu, alitikisa kichwa. Ndivyo methali ilivyoenea, mpaka mama yenu leo akayapita yale madubwana ya kuwaka taa na kuwachagulia boksi la vipande.

Lakini boksi lenyewe liko wapi? Mbona mmekuja mikono mitupu?

Juu ya friji? Mpaka Idi? Nani kasema? Baba yenu! Sefu, mwanangu mwenyewe niliyemzaa, aliyelelewa kwenye baraza hii hii!

Nenda kalete, wewe mrefu. Mwambie baba yako mama yake kasema. Nailoni yake ngumu? Shikeni mkasi. Ndiyo, huo huo wa kitambaa, msinitolee macho. Makali nitanoa. Kateni mbele yangu, na mkimaliza nendeni mkamwambie baba yenu, kwa adabu lakini mmwambie: winchi ya kabatini haiinui mzigo.