Mahindi Yaliyomfuata Semeni

Sogeeni, wasikivu wangu, muone maajabu. Mjane Semeni alililima shamba la marehemu mumewe miaka mitatu, akalitia samadi mpaka mahindi yakampita kimo. Kabla hajavuna, akaja shemeji yake, Mbaruku.

"Ondoka! Ardhi hii ni ya ukoo wetu."

Semeni akatia jembe begani, akaelekea na wanawe kilima cha zimwi huku akilia. Nyuma yake akasikia krrr! Akageuka, akapigwa na butwaa. Mahindi yameng'oka na mizizi yake, yanamfuata! Mbaruku akayashika mara tatu, mara tatu yakamponyoka.

Walipofika kilimani, hata zimwi mwenye kilima akaduwaa. "Mama, sijaona mmea ukimfuata mtu! Lima. Kilima ni chako na cha wanao."

Mahindi yakajipanda. Mbaruku akabaki na udongo mtupu. Nami niliyeyaona, kinywa hakijafumbika hadi leo.