Mtemi Aliyejaribu Damu Yake

Hadithi hii isome taratibu mpaka mwisho, kisha umpe mwenzako.

Palikuwa na mtemi aliyeitwa Kasanda. Nchi yake ilikuwa bondeni, penye njia kuu ya misafara itokayo pwani, na boma lake halikukosa chumvi wala samaki wakavu. Kasanda alikuwa mtu mwenye akili nyingi na alijijua. Alipenda kusema kwamba akili ni ya damu, kama pembe za ng'ombe: fahali mwenye pembe ndefu huzaa wenye pembe ndefu, na hakuna malisho yatakayompa ng'ombe kipara pembe.

Mfano wake alikuwa nao karibu. Juu ya bonde ulikuwepo mlima wa Ruhoro, na watu wa huko wengi wao walikuwa na rovu, shingo zimevimba kama kibuyu. Watoto wao walichelewa kutembea. Wengine hawakusema kabisa, na wengine hawakusikia. Watu wa bondeni walikuwa wakimwambia mtoto mzito, "Umezaliwa Ruhoro wewe?"

Baba yake Kasanda ndiye aliyeifunga njia ya kwenda Ruhoro, wakati wa vita. Vita vilipokwisha, na Kasanda alipokalia kiti, wazee wa mlimani walishuka kumsihi aifungue, misafara ipande tena kwao kama zamani. Kasanda aliwasikiliza, akawatazama shingo zao, akakataa. Aliwaambia washauri wake kuwa vitu vya pwani havipotezwi kwa watu ambao hawatapata akili hata wakilishwa na mkono wa mtemi.

Mtemi alikuwa na binti, Mwalu, aliyemzidi kwa ukali wa akili. Mwalu akampenda kijana wa Ruhoro aliyeshuka kuuza mizinga ya nyuki. Kasanda alimwambia achague. Mwalu akachagua, akapanda mlima, na baba yake akakataza jina lake lisitajwe bomani.

Miaka ikapita. Ndui ikaingia bondeni ikawachukua wana wa mtemi wote. Kasanda akabaki mzee, kiti hakina mrithi. Ndipo alipopata habari kuwa Mwalu naye alikuwa amekwisha kufa, ila ameacha mtoto wa kike aitwaye Ngole. Katika nchi ile mwanamke naye aliweza kutawala, kwa hiyo mtemi akatuma watu wamlete.

Washauri walinung'unika. Mtoto wa Ruhoro atawale? Kasanda akawajibu kwamba damu yake haizimwi na damu ya mtu yeyote, na kwamba atawaonyesha. Mtoto akifika, aogeshwe, avikwe, achanganywe na watoto wa watumishi walio rika lake. Yeye mtemi asiambiwe ni yupi. Atawauliza swali moja, na damu itajitambulisha yenyewe. Tena akaapa kwamba atakayefungua mdomo kumdokeza atakatwa ulimi.

Ngole aliletwa na babu yake mzaa baba, Mzee Bwiko. Watu wa Ruhoro, wasipokuwa mateka, hawakuruhusiwa kuingia bomani, basi mzee akaketi nje ya lango na mtoto akapokewa na wanawake wawili wa kuogesha.

Watoto wakasimamishwa mbele ya mtemi. Akawauliza, "Nina mbwa wawili, wote wanabweka usiku kucha. Mmoja ananilinda, mwingine ni mwoga tu. Nitawajuaje?"

Watoto wakatazamana. Msichana mmoja mwembamba akainua mkono. "Toka nje, Mtemi, uwaendee. Anayekulinda atakuja mbele yako. Mwoga atajificha nyuma yako."

Kasanda alicheka mpaka machozi yakamtoka. Hata namna ya kukunja uso aliiona ni ya Mwalu. Akamkalisha kwenye ngozi ya chui, ngoma zikalia.

Mwishoni mwa mstari alibaki mtoto mmoja mfupi, mwenye shingo nene, aliyekuwa akitazama midomo ya watu. Alipoona watu wanacheka, naye akacheka. Akasogea akakishika kidole cha mtemi.

Kasanda akauvuta mkono wake. "Huyu si wa hapa. Ni wa Ruhoro, damu haijifichi. Mrudisheni alikotoka."

Wale wanawake wawili wakatazama chini. Kila mmoja alikuwa na ulimi wake wa kuuonea huruma. Askari wakamtoa mtoto kwa lango la nyuma, wakamwelekeza mlima kwa mkono, wakarudi kwenye ngoma.

Jioni Mzee Bwiko aliomba amuage mjukuu wake kabla ya kurudi. Kasanda, kwa furaha, akatoka mwenyewe langoni, amemshika yule msichana mwembamba mkono.

Mzee akamtazama mtoto, kisha akamtazama mtemi. "Huyu simjui," alisema. "Ngole yuko wapi?"

Walimtafuta kwa mienge mpaka mtoni. Waliita jina lake kwa sauti zote walizokuwa nazo. Mzee Bwiko alikuwa akilia akiwaambia wasiite, watazame, maana mtoto hasikii. Asubuhi walimkuta chini ya kivuko, amenaswa kwenye matete. Mvua ilikuwa imenyesha mlimani na maji yalikuwa yamejaa.

Yule msichana mwembamba aliitwa Sida. Mama yake alikuwa Nyabuke, mtwangaji wa bomani, mateka aliyechukuliwa Ruhoro akiwa msichana. Baba yake naye alikuwa mateka wa huko huko. Hakuwa na tone la damu ya bondeni.

Kasanda alimwuliza Mzee Bwiko, "Mlimfanya nini mtoto wa binti yangu?"

"Tulimpa tulichokuwa nacho," mzee akasema. "Mwalu alikuja kwetu mzima. Alikula tulichokula, shingo yake ikavimba kama zetu, akazaa kama tunavyozaa. Misafara ilipokuwa ikipanda na chumvi na samaki wa pwani, watoto wetu walisema. Tulikuja kukuambia."

Mtemi alitaka mtoto azikwe kwenye makaburi ya watemi. Mzee Bwiko akakataa. Alimfunga mjukuu wake mgongoni kwa shuka, kama anayebebwa akiwa amelala, akapanda naye mlima.

Njia ikafunguliwa. Waliozaliwa Ruhoro baada ya hapo wengi wao walisema na kusikia. Waliokwisha kuzaliwa walibaki walivyokuwa, na Kasanda aliwaona kila siku ya gulio, watu wazima wakiongozwa kwa mkono na mama zao. Washauri walipomwuliza juu ya Sida, aliwaambia kuwa alimchagua mbele ya macho yao. Sida akatawala baada yake, na akatawala vizuri.

Funzo: Kabla hujasema ukoo fulani hauna akili, uliza kwanza wamenyimwa nini, na ni nani aliyewanyima.