Karatasi Nne za Kiambatisho C

"Mchomoa kiambatisho ndiye aulizwaye." Leo mmemsikia katibu wa ushirika akiisema, mkacheka, na sasa mnataka kujua imetoka wapi. Kaeni, wajukuu zangu. Imetoka kwangu mimi, na chanzo chake ni hiki.

Nilikuwa mwandishi wa ripoti katika ofisi ya maji ya wilaya. Kwa miaka kumi na mmoja hakuna ripoti iliyotoka bila mkono wangu. Kisha akaletwa binti mmoja, Nakijwa, apange viambatisho. Kabla yake tulizibana karatasi za nyuma ovyo, ramani juu ya majina, majina juu ya vipimo. Yeye alizipa herufi, akaweka orodha yake mwanzoni, na kila hoja yangu akaionyesha ushahidi wake. Siku moja mkuu wetu, Mzee Mbonea, akasema mbele ya wote, "Siku hizi naanza kusoma nyuma. Huko ndiko kwenye ukweli."

Maneno hayo yalinichoma. Ikawa hata salamu ya yule binti naiitikia kwa shida. Akicheka na wenzake, nilidhani ananicheka mimi.

Ikaja ripoti ya visima. Niliandika kwamba kisima cha Kwemasha kifungwe, kwani maji yake yana madini yanayoharibu mifupa ya watoto. Nikamalizia, "Tazama Kiambatisho C." Asubuhi ya kikao cha kuijadili, Nakijwa alipokwenda kunywa chai, nilichomoa C yote, karatasi nne za vipimo vya maabara, nikazitia mkobani. Nilitaka aaibike.

Kikaoni alisimama mjumbe wa Kwemasha, Bi Namsifu. "Mnataka kutufungia kisima cha karibu. Hiyo C iko wapi?"

Nikamgeukia Nakijwa, lakini yule mama alinikazia macho mimi. "Namwuliza aliyeandika 'tazama'. Nitazame nini?"

"Aliyepanga ni huyu binti," nikasema.

Nakijwa akainuka taratibu. "Shikamoo mama. Niliipanga, na orodha inaionyesha, karatasi nne. Asubuhi zilikuwepo." Akaketi.

Mwenyekiti akasema basi kikao kiahirishwe mwezi mmoja, kisima kibaki wazi. Mwezi mzima watoto wanywe maji yale kwa sababu ya kijicho changu. Nilifungua mkoba, nikaziweka karatasi mezani.

Bi Namsifu alizisoma zote nne, moja moja, kisha akanigeukia. "Kifungwe. Na wewe baba, umechomoa kiambatisho, ndiwe uliyeulizwa."

Nilihamishiwa stoo ya mabomba, nikastaafia huko. Nakijwa alipewa meza yangu. Sitawadanganya, wivu haukuisha siku ile. Kila alipopanda cheo nilikosa usingizi. Lakini neno la yule mama lilitoka ukumbini nami nikiwa bado nimeketi, likaenda vijijini, likanyooshwa na midomo ya watu hadi likawa hili mlilolisikia leo: mchomoa kiambatisho ndiye aulizwaye.