Neno Moja la Bibi Sikujua

Paukwa!

Pakawa!

Sijasikia. Paukwa!

Pakawa!

Pakawa kijiji juu ya kilima, na chemchemi chini ya kilima, na ngazi tisini na mbili za udongo katikati. Nani alizihesabu? Mboni alizihesabu. Akiteremka na mtungi, akipanda na mtungi, kila asubuhi. Maana Mboni alikuwa binti wa wasiwasi, na mwenye wasiwasi huhesabu.

Basi hapo zamani za kale, huyo Mboni aliishi na bibi yake, mzaa mama, jina lake Sikujua. Jina Sikujua, lakini bibi huyo alijua! Alijua mtoto anayelia kwa njaa na anayelia kwa deko. Alijua wingu la mvua na wingu la kupita njia. Kitu kimoja tu hakuwa nacho: meno ya mbele. Hata moja. Kwa hiyo kila "sa" ikifika pale penye pengo, ilitoka "sha".

"Shalama, wajukuu zangu?"

"Shalama, Bibi!" wakajibu watoto, wakatimua mbio wakicheka. Naye akacheka kuliko wao.

Mwaka huo vuli haikunyesha. Masika nayo haikunyesha. Mtungi uliokuwa ukijaa kwa pumzi kumi, ukajaa kwa pumzi mia. Kisha chemchemi ikabaki kudondoka. Ton... ton... ton... Kisha kimya.

Watu wakashika vichwa. Bibi Sikujua akashika ufagio. Akateremka polepole, miguu imevimba, hadi kwenye chemchemi kavu. Akafagia. Fya! Fya! Fya! Akatoa majani, akatoa changarawe, akazibua mfereji unaoshuka toka kilimani. Kesho yake, tena. Fya! Fya! Fya!

Kulikuwa na mtu mmoja, Ngoda, ulimi wake haulali. Akasimama juu ya ngazi.

"Bibi Sikujua! Hilo vumbi unalifagia ulipeleke wapi?"

"Nafagia njia ya mgeni."

"Mgeni gani?"

"Maji, baba."

"Mgeni wako amechelewa, Bibi!"

"Mungu hachelewi, Ngoda. Shishi ndio tunaowahi."

Ngoda akacheka hata akashika mbavu. "Shishi ndio tunaowahi!" Ikawa ndiyo salamu ya kijiji. Ukipita, shishi. Ukigeuka, shishi. Mboni peke yake hakucheka.

"Bibi, na kama Mungu ametusahau?"

"Jua leo limechomoza?"

"Limechomoza."

"Ulimkumbusha wewe?"

Mboni akatikisa kichwa. Lakini kutikisa kichwa si kuondoa wasiwasi, wenzangu. Akaenda kuhesabu vibuyu vya maji. Vilibaki vitatu.

Jumbe Kilua, mkuu wa kijiji, akaita baraza. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye kiu, mwenye watu wenye kiu.

"Leo ni siku ya kwanza," akasema. "Siku ya saba, alfajiri, tunahama. Tutapita mteremko wa magharibi kwenda mto mkubwa. Mwendo wa siku nne."

"Na asiyeweza kutembea?" Mboni akauliza.

Jumbe akatazama chini. "Kila mtu atambeba wa kwake."

Mboni hakuwa na baba, hakuwa na kaka. Akahesabu. Mtungi mmoja ulimchosha ngazi tisini na mbili. Bibi alikuwa mzito kama mitungi minne. Siku nne, bila maji, mgongoni. Hesabu ikagoma. Ikigoma, maana yake ni moja: Bibi atabaki, na atakayebaki atakufa.

Hapo Bibi Sikujua akainuka, ameegemea mkongojo. Watu wakamgeukia. Akafungua kinywa, akasema neno moja.

"Shubirini!"

Kisha pu! Akaanguka.

Wakambeba hadi kwake. Macho yalikuwa wazi, pumzi zilikuwepo, lakini kauli ilikatika. Akabaki na neno lake hilo moja, limening'inia barazani kama kibuyu kisicho na mwenyewe.

Sasa sikilizeni vizuri. Ule mteremko wa magharibi uliota mishubiri tupu, ile mimea ya miiba na utomvu mchungu. Watu walipaita Shubirini. Akina mama walikwenda huko kuchuma shubiri ya kumwachisha mtoto ziwa, basi. Hapakuwa na jingine.

"Bibi amesema subirini!" wakapiga kelele wasiotaka kuhama. "Tungoje!"

"Amesema Shubirini!" wakapiga kelele waliotaka kuhama. "Tupite huko, twende zetu!"

"Subirini!"

"Shubirini!"

"Subirini!"

"Shubirini!"

Karibu washikane mashati. Mboni hakujiunga nao. Yeye alimjua bibi yake. Katika kinywa kile maneno hayo mawili yalikuwa neno moja, hata mwenye masikio kumi asingeyatenga. Akawaza: kama siwezi kuchagua moja, nitafanya yote mawili. Nitakwenda Shubirini, nami nitasubiri.

Akamwambia jirani yake, Mama Somoe, "Nikalie na Bibi mchana, mama yangu."

"Nenda, mwanangu. Lakini unakwenda kusubiri nini?"

"Sijui."

"Haya. Nenda kakisubiri hicho usichokijua."

Siku ya pili Mboni akaketi juu ya jiwe, Shubirini. Juani. Mishubiri ilikuwa imetoa vikonyo, na vikonyo vimebeba matumba mabichi, yamefumba. Akayapima kwa kidole. Yalifika pingili moja. Akangoja. Kimya.

Siku ya tatu akayapima. Pingili moja na nusu. Kimya.

Siku ya nne, pingili mbili. Rangi imeanza kuwiva, lakini yamefumba vilevile. Kimya.

Siku ya tano akarudi nyumbani akamkuta Mama Somoe anambinyia Bibi kitambaa kibichi midomoni. Kibuyu kilibaki kimoja, nacho nusu.

Siku ya sita moyo ukamkatika. Akavunja jani la mshubiri, akaonja. Aka! Uchungu ukampanda hadi masikioni. Akalia, na machozi yakawa machache, kwa kuwa mwili nao ulikauka.

"Ee Mungu," akasema, "mimi si Bibi. Sijui kungoja. Ninahesabu tu, na hesabu zimekwisha. Lakini nipo. Unaniona nipo."

Kimya. Hakujibiwa hata kwa upepo. Lakini hakuondoka, jamani. Akakaa tena juu ya jiwe.

Siku ya saba, alfajiri, kijiji kikashuka na mizigo, hata wale wa subirini, maana vibuyu vilikwisha. Mbuzi, majembe, watoto migongoni. Mama Somoe peke yake alibaki kando ya Bibi. Ngoda akamwona Mboni juu ya jiwe lake.

"Mboni! Umeshaota mizizi? Tukuchume nawe tuwaachishie watoto ziwa?"

Mboni hakumsikia. Alikuwa ameinama, anatazama. Matumba ya chini, yale yanayotangulia, yalikuwa yamefunguka. Mekundu kama makaa.

Vuuu.

Nyuki mmoja.

Vuuu. Vuuu. Wa pili. Wa tatu. Tangu chemchemi ikauke hakuna aliyemwona nyuki! Mboni akahesabu, maana ndiyo kazi aliyoijua. Kumi. Ishirini. Wakinyonya ua, wanaondoka. Wote upande mmoja. Wote kwenye mwamba uleule. Wote wanaingia kwenye ufa mmoja, mwembamba kama kidole gumba.

"Ni mzinga huo, utakuuma!" Ngoda akapiga kelele.

Mboni akafumba macho, akapenyeza vidole. Hakuumwa. Vidole vikagusa ubaridi. Akavitoa, vikatoka vinang'aa.

"Maji!" akalia. "Nyuki wanakunywa! Jumbe, maji!"

Mizigo ikatupwa chini. Jumbe Kilua mwenyewe akashika jembe. Ti! Ti! Ti! Wakachimba ubavuni mwa ule mwamba. Ti! Ti! Ti! Wakaweka magogo, wakasukuma. Hee! Hausogei. Hee! Ukatikisika. Hee! Gubugubugubu! Ukaporomoka, na nyuma yake yakatoka maji. Shaaaaa!

Ngoda ndiye aliyekuwa mbele. Yakamkumba, yakamwangusha, akainuka amelowa, kinywa wazi, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakuwa na la kusema.

Maji yakashuka mteremko, yakatafuta njia yake ya zamani. Yakaingia mferejini. Hapakuwa na jani, hapakuwa na changarawe. Njia ilikwisha fagiliwa! Yakateremka safi hadi kwenye chemchemi, yakaijaza, yakafurika. Vigelegele vikapaa. Vijana wakacheza hadi vumbi likawa tope.

Mboni hakucheza. Alijaza mtungi, akapanda ngazi tisini na mbili, na siku hiyo hakuhesabu hata moja. Akamnywesha Bibi kwa kiganja. Kimoja. Cha pili. Cha tatu.

Siku tatu baadaye kauli ikarudi. Kijiji kizima kikajazana mlangoni, wale wa subirini na wale wa Shubirini, bado wanabishana.

Jumbe akapiga goti. "Bibi yetu, tuamue. Siku ile ulisema tungoje, au ulisema twende kwenye mishubiri? Ulijua kuna maji?"

Bibi akawatazama wote. Akatabasamu lile pengo lake lote.

"Shikujua," akasema.

Mpaka leo hakuna anayeweza kusema kama alijibu swali, ama alitaja jina lake. Lakini Ngoda, yule mwenye ulimi, alikwenda akachukua ufagio. Akawa yeye ndiye anayefagia chemchemi kila asubuhi, na mtu akimuuliza hujambo, hujibu, "Mungu hachelewi." Na kijiji humwitikia, bila kucheka...

Mwitikie nanyi!

Shishi ndio tunaowahi!

Ndivyo. Mwenye kungoja si lazima ajue. Yupo anayejua. Wewe fagia njia, na usiondoke kabla ua halijafunguka.

Hadithi yangu imeishia hapo, penye maji. Mwenye kiu na ainame anywe.