Beti za Mzimu wa Hekaluni

"Shauri Kuhusu Majani Yatikisikayo Pasipo Upepo": ndivyo makuhani wa hekalu walivyoliita jambo lile, jamani, na wakalifanyia vikao vitatu. Ndani ya mtini mkongwe wa uani ulikaa mzimu wa kuhani mchoyo, aliyekufa na beti takatifu ambazo hakumfundisha mtu. Hukumu yake ilikuwa akae humo mpaka apate wa kumrithisha. Revati, mfagiaji wa ua, hakujali vikao. Mzimu ulikuwa umemnyang'anya mumewe sauti, alipojidai kuzijua beti hizo.

Kuhani wa kwanza akaenda mtini. Mzimu ukaimba ubeti, ukauliza, "Unaofuata?"

"Naujua, ila leo nina mafua." Sauti ikampotea.

Wa pili akaenda. "Naujua, ila si saa yake." Sauti ikampotea.

Wa tatu akaanza kutaja vyeo vyake. Hakuvimaliza.

Revati akaweka ufagio chini, akasogea mtini.

"Unaofuata?"

"Siujui, babu. Nifundishe."

Majani yakatulia. "Maisha yangu yote niliombwa hivyo," mzimu ukanong'ona, "nikakataa." Ukamfundisha siku tatu, kisha ukatoweka, na mumewe akaita kutoka nyumbani, "Mke wangu, hivi leo hatuli?"

Makuhani, sauti zilipowarudia, waliandika kwamba kikao kimeufukuza mzimu. Kilichotokea ni kwamba Revati alibaki peke yake na beti zile, akiziimba huku anafagia, na mpaka anakufa hakuna kuhani hata mmoja aliyekwenda kumwomba amfundishe.