Boliti Nne za Kupaza

Hii nimeipokea kwa mtu, nami nimeshindwa kubaki nayo peke yangu. Isome hadi mwisho, hasa kama kuna ndugu ambaye husemi naye.

Kupaza na mdogo wake Hoza walikuwa mafundi magari kule Soni, milimani kwa Wasambaa. Baba yao aliwaachia gari la kizamani, la mwaka 1958, nao walilitunza kama mtoto wa mwisho.

Asubuhi moja walibadilisha klachi. Waligawana kazi. Hoza alifunga sili ya kuzuia oili nyuma ya injini, Kupaza akafunga klachi, kisha wakapandisha giaboksi pamoja.

Mchana huohuo mama yao akazidiwa na ugonjwa wa moyo. Wakamlaza kiti cha nyuma, wakaanza kupanda mlima kwenda hospitali.

Katikati ya mlima injini ikanguruma, lakini gari halikwenda. Hoza akaingia uvunguni na tochi, akachungulia ndani kupitia tundu la chini ya giaboksi. Alipotoka, uso ulikuwa umempauka. Walisukuma, wakapungia kila gari. Lori liliposimama, mama alikuwa ameshakata roho.

"Uliharibu sili!" Kupaza alimfokea. "Oili imelowesha klachi, ndiyo maana inateleza. Umemuua mama!"

Hoza akainamisha kichwa. "Nisamehe, kaka."

Miaka tisa Kupaza hakumsamehe. Gari lilifunikwa turubai uani kwake, likaachwa hivyo. Salamu za Hoza hakuziitikia. Chakula cha Idi alichotumiwa alikirudisha. Hoza akaugua mapafu, akaagiza kaka yake aitwe. Kupaza hakwenda. Hoza alipofariki, hata kuzika hakwenda.

Watu wa ukoo wakamjia juu. "Kupaza, hata maiti unaisusa?"

"Mnamhurumia kwa sababu hamjaona alichokifanya," akajibu. "Mjane wake akimaliza eda, njooni naye. Nitalifungua gari mbele yenu."

Siku ikafika, wakaja. Bi Mwanahawa, mjane wa Hoza, akasimama kando.

Kupaza akalipandisha gari kwa jeki, akafungua giaboksi boliti moja baada ya nyingine. Wanaume wawili wakampokea uzito. Giaboksi iliposhuka, kitu kikagongagonga ndani, na boliti nne zikadondoka kwenye vumbi.

Hakuzijali. Akapitisha kidole nyuma ya injini ili awaonyeshe oili. Kidole kikatoka kikavu.

Akashika klachi. Ikacheza mkononi. Ilitakiwa ishikwe na boliti sita. Zilibaki mbili, zimelegea.

Ndipo akazitazama zile nne pale chini, akakumbuka. Siku ile alizibana kwa vidole tu, akaenda kunywa chai, akisema atazikaza kwa spana akirudi.

Bi Mwanahawa akasogea.

"Hoza aliziona zimelegea, shemeji. Palepale mlimani, kwa tochi."

"Alijua?" Kupaza akamgeukia. "Sasa mbona hakusema?"

"Nilimuuliza hivyo miaka yote. Alinijibu, 'Kaka ataweza kuishi bila mimi. Akijua kuwa ni yeye, hataweza kuishi.'"

"Na aliponiita akiumwa?"

"Hakutaka kukuambia lolote, shemeji. Alitaka kukuona tu."

Kupaza akaketi mavumbini, mikono imejaa grisi, akalia mbele ya wote. Hata mama yao alipokufa hakulia vile. Aliponyamaza akasema, "Nipelekeni alipolala."

Alikaa kaburini hadi alasiri. Aliita jina la mdogo wake, akamwomba msamaha, kisha akaita tena. Wanaomjua wanasema mpaka leo huenda kila Ijumaa, na akirudi hasemi na mtu.

Funzo: Kabla hujamtwika ndugu yako kosa, kagua kwanza kazi ya mikono yako, na akikuita angali hai, nenda, kwa maana kaburi husikia msamaha wote lakini halijibu hata mmoja.