Ngwe ya Siwema

Paukwa!

Pakawa.

Hapo zamani za kale, mwezi mmoja kabla ya mvua za vuli, wakulima wa bonde la Kirewe walilima shamba moja la mtama kwa pamoja. Kila asubuhi mkulima alipimiwa kipande chake, akimalize kabla jua halijazama. Aliyeshindwa siku tatu hakuwa na fungu katika mavuno.

Mpimaji alikuwa Korongo, kwa sababu ya miguu yake mirefu. Kwa kila kipande alipiga hatua ishirini, na wakulima wote wakahesabu naye kwa sauti: "Moja, mbili, tatu," mpaka ishirini. Kwa kuwa walihesabu wenyewe, hawakuona cha kulalamikia.

Siwema, mjane mwenye watoto wanne, alishindwa siku ya kwanza. Akashindwa siku ya pili. Ngiri, jirani yake shambani, alikuwa amemaliza zamani, amejilaza kwenye kivuli cha mgunga.

"Shemeji," Ngiri akamwita, "hilo jembe unalimia au unalibembeleza lilale?"

"Wewe cheka tu," Siwema akasema. "Kesho nikishindwa, wanangu watakula kicheko chako."

Hapo akamwona Korongo akitua kwenye kipande cha Ngiri na kula funza waliofukuliwa. Ngiri alikuwa amemwachia wote. Siwema funza wake aliwapelekea kuku. Akatazama, akaendelea kulima.

Siku ya tatu alikuja na ngwe, kamba nyembamba ya miyaa aliyomfungia mbuzi wake. Korongo akapima, watu wakahesabu. Moja, mbili, tatu, mpaka ishirini.

"Ngoja kidogo, Bwana Korongo," Siwema akasema.

Akanyoosha ngwe kwenye kipande cha Ngiri, mwanzo hadi mwisho, akaipiga fundo. Kisha akaja nayo kwenye kipande chake. Fundo likafika, ardhi ikabaki. Watu watatu wangeweza kulala pale na kunyoosha miguu.

"Nilipiga ishirini," Korongo akasema. "Mlihesabu nyote."

"Tulihesabu," mzee mmoja akajibu. "Hatukutazama unavyokanyaga."

Ngiri akainuka. "Jamani, mambo ya kamba hayo. Kamba ni ya mbuzi."

"Basi nawe upimwe kwa kamba ya mbuzi," wakamwambia.

Wakapima upya vipande vyote kwa ngwe ile, mpaka kwenye fundo. Cha Siwema kikapunguzwa. Cha Ngiri kikabaki vilevile, ila sasa kila mtu alikuwa na kama chake. Tangu hapo kipande cha mkulima wakakiita ngwe, na mpimaji akawa yeyote mwenye mikono miwili ya kushika kamba.

Siku hiyo Siwema alimaliza ngwe yake kabla jua halijafika utosini. Mtama ulipovunwa, alibeba fungu lake nyumbani kwa safari tatu.

Hadithi yangu imekomea hapo.